Mapanga Kumi na Mawili

Jean Paul Bukuru alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mkono wa kushoto umevimba mpaka kwenye kiwiko. Wachimbaji walimpiga siku ile ya Ijumaa kabla polisi hawajafika, na kusema kweli, polisi wangechelewa dakika kumi zaidi wangekuta maiti nne badala ya tatu.

"Kaa kwenye benchi," Inspekta Ernesta Kagoma alimwambia. "Umekunywa chai?"

"Bado, afande."

"Wiston! Mletee huyu mtu chai. Na andazi. La leo, si yale ya tangu juzi."

Konstebo Wiston akatoka akiburuta miguu. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi, na mvua ilikuwa haijakatika tangu maziko ya Jumapili. Ernesta alivuta kiti, akafungua daftari juu ya goti.

Jean Paul ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya hewa katika machimbo ya dhahabu ya Rwenkende. Mashine yenyewe ilikuwa injini ya dizeli, mkanda, gia, na mwisho wa yote gurudumu la aluminiamu lenye upana wa sahani ya wali, lenye mapanga yaliyopinda kulizunguka. Gurudumu hilo lilikwenda mizunguko elfu ishirini na nne kwa dakika, likisukuma hewa ndani ya bomba jembamba hadi mita themanini chini ya ardhi. Ijumaa lilipasuka. Chini kulikuwa na watu watatu na pampu ya maji ya petroli inayonguruma. Moshi wa pampu ukabaki, hewa ikakatika. Winchi ilipowavuta juu, hakuna hata mmoja aliyekuwa hai.

"Bosi wako Privatus anasema uliikimbiza mashine kupita kiasi," Ernesta alisema.

"Privatus mwenyewe alipaka rangi nyekundu kwenye mita. Akasema, mshale ukae hapa, usipande, usishuke. Hapa ndipo hewa inakuwa nyingi. Nimeukalisha hapo siku kumi na tisa."

"Na siku ya ishirini?"

"Haikufika, afande. Ilipasuka hiyo ya kumi na tisa."

"Kabla ya hapo ilikuonyesha dalili yoyote?"

"Ilikuwa inalia."

"Mashine zote zinalia."

"Hapana. Ukiwasha, inanguruma kawaida. Inapanda, inapanda, kawaida. Ukifika kwenye rangi nyekundu tu, inapiga ukelele, meno yanakuuma mdomoni. Ukipita hapo, inanyamaza. Ukirudi chini, inanyamaza. Pale pale kwenye rangi, ndipo inalia."

"Ulimwambia nani?"

"Privatus. Akasema niweke pamba masikioni."

Ernesta aliandika neno kwa neno. Chai ikaja. Alimwachia yule bwana anywe, akatoka nje barazani, ambako bosi wake, mkuu wa kituo, alikuwa akimsubiri na jalada kwapani.

"Andika uzembe wa mwendeshaji, tulifunge," bosi alisema.

"Na ile ya Ntobeye?"

Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua Ernesta tangu Jumatatu. Privatus alikuwa na mashine ya pili, pacha wa ile iliyopasuka, kwenye shimo lake jingine huko Ntobeye, wilayani Ngara. Ilisimikwa na kuanza kazi siku sita baada ya ile ya Rwenkende. Kila asubuhi watu saba walishuka chini wakiitegemea. Afisa madini alikuwa tayari kulifunga shimo, lakini alitaka sababu iliyoandikwa na mpelelezi, na kama sababu ni uzembe wa Jean Paul, basi Ntobeye hakuna kosa lolote. Ntobeye mwendeshaji ni mwingine.

"Ntobeye si jalada letu," bosi alisema.

"Siku kumi na tisa, mkuu. Leo Ntobeye inatimiza kumi na tisa."

"Ernesta, unahesabu siku kama mganga."

"Nipe mpaka saa nane."

Bosi alitazama mvua. "Saa nane. Na dizeli utajaza mwenyewe."

Ofisini kwake, mezani, Ernesta alikuwa ametandaza magazeti na kupanga vipande vya gurudumu kama mtu anayepanga samaki wa kukaanga. Vipande thelathini na vinne. Vyote vilikuwa vidogo, ncha na makombo. Pembeni alikuwa ameweka mchoro aliopewa Jumapili na injinia Deodata Ruhinda, binti wa Biharamulo aliyebuni mashine hiyo kwa kompyuta. Mchoro ulionyesha gurudumu lenye mapanga kumi na matatu, na kulizunguka, ringi isiyozunguka yenye mapanga kumi na mawili ya kupokea hewa. Deodata alimweleza kwa upole kwamba ncha za mapanga hukimbia karibu na mwendo wa sauti, hivyo hewa haisamehe kosa, na kwamba umbo lote lilipatikana kwa kulijaribu ndani ya kompyuta mara mamia kabla fundi hajagusa chuma. Alipoulizwa kwa nini lilipasuka alisema hana maelezo.

Ernesta alipanga vipande tena, kisha akakaa. Ncha zilikuwepo, makombo yalikuwepo. Lakini pale katikati, kitovu cha gurudumu, donge zito kuliko vyote, hakikuwepo. Kipande kizito hakirushwi mbali kuliko chepesi. Kilichukuliwa.

Alirudi mahabusu. "Jean Paul, baada ya ajali nani alikuja na mfuko?"

"Mimi nilikuwa hapa, afande."

"Kweli. Wiston! Wewe ulilinda pale Jumamosi. Nani alikuja na mfuko?"

Wiston alikuna kichwa. "Watu walikuja kutoa pole tu, afande. Yule mzee fundi aliyelimimina gurudumu, Bulugu, wa Lukole. Alilia sana. Alikuwa na kiroba, nikadhani cha viazi."

"Mtu anakuja msibani na kiroba kitupu, anaondoka nacho kimejaa, nawe unadhani viazi. Haya, leta ufunguo wa gari."

*

Karakana ya Bulugu ilikuwa Lukole, pembeni ya mikaratusi, mahali ambapo zamani palikuwa na mahema hadi macho yachoke. Alikuwa Msukuma wa miaka sabini hivi, amefika huko enzi za wakimbizi kuziba ndoo na masufuria, naye hakuondoka tena. Sasa aliyeyusha aluminiamu na kumimina vipuri. Walipofika, tanuri lilikuwa linawaka na mzee mwenyewe anapepea mkaa kwa nguvu zote, jasho linamtiririka katika ile baridi ya mvua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akaona sare ya Wiston. Akaacha kupepea. "Karibuni. Hali ya hewa mbaya."

"Mbaya. Samahani kuja bila taarifa. Privatus anasema uliyeyusha masufuria, ndiyo maana gurudumu likapasuka."

Hapo mzee alisahau hofu yake yote. "Masufuria! Yeye Privatus anajua nini? Mimi ninatumia pistoni za Fuso, chuma kilichokwisha kukaa motoni! Tazama lile rundo! Sufuria utapikia ugali, hutengenezei mashine!"

Ernesta alitazama. Kweli, kulikuwa na rundo la pistoni zilizotumika, zimeoshwa na kupangwa. Alikuwa amekwisha kukwaruza kipande kimoja mezani kwake na kulinganisha na pistoni kuukuu ya gari la kituo. Ugumu ulikuwa sawa. Kwa hiyo hilo la masufuria lilikuwa porojo, alilileta tu ili mzee aongee.

"Leo unamimina nini?" aliuliza.

"Vitu vidogo vidogo."

"Kalibu ziko wapi?"

Ernesta aligeuka taratibu, akakagua sakafu nzima ya mchanga. Hakukuwa na kalibu hata moja. Mtu aliyewasha tanuri bila kalibu ya kumiminia hana cha kutengeneza. Ana cha kuyeyusha tu.

"Wiston, chukua koleo. Toa kilichomo kwenye chungu."

"Mwanangu, tafadhali."

"Toa, Wiston."

Kitovu kilitoka kikiwa cha moto, kimeanza kulegea upande mmoja, lakini kilikuwa kizima bado. Walikiweka juu ya mchanga. Walisubiri kipoe, mvua ikipiga bati. Kisha Ernesta alichuchumaa, akaanza kuhesabu mashina ya mapanga yaliyokatika, akiweka chaki kwenye kila moja. Alipofika mwisho akarudia kutoka mwanzo.

"Kumi na mawili," alisema. "Mchoro unasema kumi na matatu."

Bulugu alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Alionekana mdogo ghafla.

"Ni mimi," alisema. "Andika hivyo. Nilipunguza mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Kumi na tatu haigawanyiki." Akachukua bikari kubwa ya mbao, akachora duara mchangani. Bila kubadili upana wa bikari akapiga alama juu ya duara, akahama, akapiga tena, mara sita, alama ya mwisho ikaangukia ile ya kwanza. "Unaona? Sita inakuja yenyewe. Ukigawa kati kwa kati, kumi na mbili. Hivi ndivyo nilivyofundishwa, hivi ndivyo ninavyogawa kila kitu, gia, puli, feni. Kumi na tatu utagawa na nini? Binti injinia alinipa karatasi ya kubandika juu, saizi kamili, lakini pale steshenari walipoichapa ikatoka ndogo. Gurudumu la sahani likawa la kisahani. Nikaitupa. Nikatumia bikari."

"Na ringi ya nje?"

"Hiyo ilikuwa kumi na mbili tangu mwanzo. Alinichorea hivyo makusudi, inirahisishie."

Kumi na mawili yanayozunguka, kumi na mawili yaliyosimama. Ernesta alichora mchangani, duara ndani ya duara, akasogeza la ndani kwa kidole. Kila panga la ndani lilipofika mbele ya mwenzake wa nje, yote kumi na mawili yalifika pamoja. Alilelewa Murgwanza kwenye nyumba ya wanawake wanne, na alijua mwilini kinu kinavyosema. Wanawake watatu wakitwanga kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kinu kinakaa siku zote. Wote wakishusha michi kwa pamoja, kila pigo, kila pigo, kinu kinapasuka. Kumi na matatu yangepigwa kwa zamu. Haya yalipigwa yote kwa mara moja, maelfu ya mara kila sekunde, na kwa mwendo mmoja tu, ule wa rangi nyekundu, kilio kikawa kikubwa kiasi cha kung'oa shina. Jean Paul aliwaambia. Wakampa pamba.

"Sampuli ya mbao uliyotengenezea kalibu iko wapi?"

Mzee alionyesha juu ya kabati. Ernesta aliishusha. Ilikuwa kazi nzuri kweli, mti wa mninga umelainishwa kama shavu la mtoto. Alitoa mchoro wa Deodata mfukoni, akakunja pembe ya karatasi na kulaza mkunjo wa panga la mchoro juu ya panga la mbao. Haukulingana. Panga la mbao lilikuwa pana zaidi, na limepinda mapema zaidi kuelekea ncha.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Ukipunguza panga moja kwa kichwa chako, mengine yote yanabaki na umbo lile lile. Haya yamepindwa upya. Yamepanuliwa ili kumi na mawili yafanye kazi ya kumi na matatu. Hili hukulifanya kwa jicho."

"Nina uzoefu wa miaka mingi."

"Nani alikupa umbo hili?"

"Nimesema ni mimi!"

"Ulimpigia simu Deodata, ukamwambia kumi na tatu haigawanyiki. Akakaa kwenye kompyuta yake, akapiga hesabu za hewa upya, hewa ikapita vizuri, pengine vizuri kuliko kwanza. Akakuletea umbo jipya. Jumapili mimi akanipa mchoro wa zamani."

Bulugu aliinamisha kichwa. "Nilimfundisha kumimina akiwa kidato cha pili," alisema. "Alikuwa akija hapa na sare ya shule, anaunguza viatu. Baba yake alikwisha kufa. Mimi nimebakiza miaka mingapi? Nikae gerezani mimi. Yeye bado ana mambo mengi ya kutengeneza."

Ernesta alimwonea huruma, na akaikasirikia huruma yenyewe, maana haikuwa na faida kwa mtu yeyote aliyekuwa chini ya ardhi saa hiyo.

"Gurudumu la Ntobeye," alisema. "Ulilimimina kwa sampuli ipi?"

Mzee alitazama mbao iliyokuwa mikononi mwa Ernesta. Hapakuwa na nyingine.

*

Msimamizi wa shimo la Ntobeye aliitwa Fabiani. Alipokea simu mlio wa tano. Ernesta, akiwa bado karakanani, alikuwa ameweka simu kwenye sauti ya nje, na nyuma ya Fabiani ulisikika muungurumo wa mashine.

"Fabiani, ni Inspekta Ernesta. Watu wangapi wako chini?"

"Saba, afande."

"Watoe. Wote. Sasa hivi."

"Nina amri ya nani? Privatus alisema—"

"Una amri yangu. Privatus nitamfuata mimi. Winchi inapandisha wangapi?"

"Mmoja mmoja."

"Anza. Waambie wazime pampu kwanza. Mashine usiizime mpaka wa mwisho atoke, umenielewa? Ukizima, hawana hewa. Ila mshale uondoe kwenye rangi nyekundu."

"Haupo kwenye rangi, afande. Injinia ameushusha tangu asubuhi. Vijana wamelalamika hewa ni kidogo, hataki kusikia. Amekaa pale pale kwenye mashine, ameshika wenzo wa mafuta, haongei na mtu."

Bulugu alinyanyuka.

"Injinia gani?" Ernesta aliuliza, ingawa alijua.

"Deodata."

"Mpe simu. Wewe nenda kwenye winchi."

Kulisikika hatua kwenye matope, kisha muungurumo ukawa mkubwa zaidi, wa sawasawa, bila kilio. Kisha pumzi ya mtu.

"Afande."

"Deodata, sogea mbali na hiyo mashine. Mwendeshaji ashike."

"Mwendeshaji nimemfukuza. Mtu akikaa hapa likapasuka, linampitia tumboni. Nimeshika mwenyewe." Sauti yake ilikuwa kavu. "Mkanda ni mbovu, mwendo unapandapanda. Lazima mtu ashike."

Ernesta hakubishana. Wa kwanza alitoka. Fabiani alipiga kelele kutoka mbali, "Mmoja!" Wiston alikuwa amesimama na koleo mkononi kama aliyeganda. Ikapita dakika nne. "Wawili!" Kila mara winchi ilipoanza kukaza, mwendo wa injini ulibadilika kidogo, na kila mara ulirudi. Mzee Bulugu alikuwa akinong'ona kwa Kisukuma, labda anasali. Wa tatu. Wa nne alichelewa, kamba ilinasa, na Ernesta alijikuta ameung'ata mkono wake mwenyewe. Wanne. Watano. Mvua ikaongezeka, wakainama wote watatu juu ya simu ili wasikie.

"Sita!"

Halafu kimya kirefu, mashine tu.

"Saba! Wote wako juu, afande! Wote!"

"Zima," Ernesta alisema. "Deodata, zima."

Muungurumo ulishuka taratibu, ukafa. Wiston aliangua kicheko cha ajabu, akapangusa macho kwa mkono wa sare. Ernesta naye furaha ilimjaa, angeweza kumkumbatia mtu yeyote aliyekuwa karibu, hata bosi wake.

"Nimemulika ndani kwa tochi," Deodata alisema baada ya muda. "Kuna nyufa kwenye mashina matano."

"Leo lingepasuka."

"Leo. Au kesho."

"Uliushusha mshale mpaka wapi?"

"Elfu kumi na tisa na mia nne. Chini ya hapo hewa haiwatoshi, juu ya hapo mtikisiko unaanza. Ni nafasi ndogo sana."

Ernesta alikuwa anaandika. Kalamu ikasimama. Mtu hawezi kuibahatisha namba kama hiyo. Inatoka kwenye kompyuta, na kompyuta haimpatii mtu bila kuulizwa jambo lenyewe. Kuuliza hewa pekee hakutoshi. Lazima uulize panga linavyotetemeka.

"Deodata. Hesabu hiyo uliipiga lini?"

Upande wa pili wachimbaji walikuwa wanacheka na kuitana majina.

"Deodata."

"Jumamosi."

Bulugu aliweka mkono mdomoni. Ernesta alihesabu kwa vidole, ingawa hakuwa na haja. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kila asubuhi watu saba walishuka. Kila asubuhi Jean Paul aliamka sakafuni.

"Ulijua tangu Jumamosi," alisema.

"Nilidhani nimekosea mahali. Nilitaka niirudie mara moja tu, kabla sijasema. Hesabu ya mtikisiko ni ngumu, afande, unaweza kukosea kitu kidogo jibu likawa jingine kabisa. Nikairudia."

"Mara ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na jibu likawa?"

"Lile lile."

Ernesta aliandika namba hiyo, akaandika na siku. Kisha alimwambia Deodata asiondoke hapo Ntobeye, kwamba gari litamfuata ndani ya saa mbili, na Deodata akasema sawa, atasubiri.